Mkwe Tumboni mwa Joka

Kigunga hakuna mtu aliyeshuka kwenye Joka kabla hajaitwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na wageni waliokuja kwa treni kutoka Kilosa siku za sikukuu waliicheka kwanza, kisha wakaitii kama wenyeji. Unapanda kilima, unaingia kwenye toroli, unasukumwa kinywani. Toroli linateremka gizani katika tumbo refu la mianzi na nyasi, vibuyu vyenye kokoto vinalia juu ya kichwa chako, majani mabichi yanakupapasa uso, na watu wazima wanapiga mayowe ambayo nyumbani kwao wangeyaonea haya. Halafu toroli linasimama penye Mpasuo, yaani mlango wa ubavuni uliofunikwa magunia ya mkonge. Hapo unakaa gizani unangoja. Nje yupo mtu anayekujua, naye akitamka jina lako unafunua gunia unatoka, na vigelegele vinakupokea. Asipolitamka, unarudishwa juu na toroli lako na kumezwa upya.

Tena jina lenyewe si la ubatizo. Joka lilikuwapo kabla ya mapadri na kabla ya mashehe, kwa hiyo majina yao hayalihusu. Linajua jina moja tu, lile walilokupa waliokuzaa kabla kitovu chako hakijadondoka.

Hadithi yake kila mtu wa Kigunga aliinyonya pamoja na maziwa. Zamani joka la mto Miyombo lilipanda kijijini likameza watu wote, na mbuzi wao, na vyungu vikiwa bado mekoni. Alisalia mwanamke mmoja aliyekuwa amerudi mtoni kufuata mwiko aliousahau. Alipokikuta kijiji kitupu hakulia. Alichukua kisu, akaliendea joka, akamezwa kwa hiari yake. Huko tumboni aliwakuta jirani zake wanapika na kugombana kama kawaida, wameshaanza hata kugawana viwanja. Akapasua ubavu, akatoka, akasimama nje akawaita mmoja mmoja, maana mle gizani mtu alikuwa amekwisha kujisahau na hatoki ila kwa kuitwa. Walitoka wote isipokuwa mkwe wake, mume wa bintiye. Huyo alishindwa kumwita, kwa sababu mama mkwe hatamki jina la mkwe. Ubavu ukajifunga naye akabaki mle. Miyombo ukifurika unanguruma, wazee walisema, ni mkwe anagonga mlango. Watoto walipouliza kwa nini yule mama asimwite tu mambo yakaisha, walipigwa kofi dogo la mgongoni na kuambiwa wakachote maji.

Aliyeigeuza hadithi hiyo kuwa chombo cha kupanda ni Melkizedek, fundi wa matoroli katika shamba la mkonge la Mgiriki mmoja jirani na hapo. Mwaka wa Uhuru, wenzake walipokuwa wakipika pombe na kushona bendera, yeye aliomba reli zilizochakaa na matoroli matatu yasiyotakiwa tena, akayapandisha kilimani kipande kwa kipande. Kichwa alikichonga kwa gogo la mkuyu, macho akaweka sahani mbili za bati. Siku ya sherehe watu walipanga foleni kutoka asubuhi hadi jua linazama, na Mgiriki mwenyewe alimezwa, akakaa mle tumboni mpaka mpishi wake alipokumbuka jinsi mama wa huyo bwana alivyokuwa akimwita mwanawe katika barua zake.

Melkizedek alifariki mwaka uliofuata Azimio la Arusha, na Joka likabaki mikononi mwa bintiye Agnesi, mjane. Kila baada ya mavuno alibadilisha mianzi iliyooza, akaezeka upya, akazipaka reli mafuta ya nyonyo. Siku za kupanda alisimama penye Mpasuo. Alijua majina ya kuzaliwa ya kijiji kizima, hata ya wale waliotamani yasahaulike, na aliyaita kwa sauti iliyofika ng'ambo ya reli ya treni. Alilipenda Joka kuliko alivyowahi kukiri. Aliwahi kuwaona ndugu wawili waliogombea shamba mpaka wakaacha kusalimiana. Mmoja akakwama tumboni siku ambayo Agnesi mwenyewe sauti ilimkauka kwa mafua, na mwingine, baada ya kujikuna kichwa sana, akasogea na kuita. Agnesi aliwaza kwamba hakuna baraza wala mahubiri yaliyowahi kumfanyia mtu wa Kigunga jambo kama lile.

Basi ikaja Operesheni. Mwaka wa sabini na nne watu wa Kigunga waliambiwa wahame, waende wakajenge kijiji cha Ujamaa kando ya barabara kuu, upande wa Mikumi. Kule kungekuwa na shule, bomba la maji na zahanati. Wengine walinung'unika, wengine walifurahi, na wengi walifanya yote mawili kwa siku moja. Lori lilikuwa moja, la kubeba wazee, watoto na chakula. Na reli za Joka, alisema Katibu Kata, zingekatwa ziwe boriti za zahanati.

Hapo ndipo palipokuwa na kisa, kwa sababu Katibu Kata alikuwa mkwe wa Agnesi.

Aliitwa Simoni. Alikuwa mtoto wa wafugaji wa mbugani, misheni ikamchukua angali mdogo, ikamsomesha, Chama kikamwajiri. Alipomposa Lea, binti pekee wa Agnesi, midomo ilicheza Kigunga nzima kwamba sasa ng'ombe wataingia mashambani kwa mwaliko. Hata hivyo alikuwa mume mwema, hanywi, hapigi, na Lea alimpenda waziwazi mpaka shangazi zake wakamwonya apunguze. Sasa Lea alikuwa na mimba kubwa.

Agnesi na mkwe wake walikuwa hawajawahi kuambiana neno moja ana kwa ana. Ndivyo inavyotakiwa. Mama mkwe hamtazami mkwe usoni, hali naye, hasemi naye ila kwa kupitia mtu, na jina lake la kuzaliwa halipiti kinywani mwake. Anayelitamka amemfanya mwanawe, na hapo bintiye anakuwa amelala na kaka yake. Ndoa inasimamishwa. Mke anarudi kwao mpaka wazee wa pande zote mbili wakutane, kondoo achinjwe na harusi ifungwe upya. Kwa wafugaji ni hivyo hivyo, tena wao wanashika zaidi.

Kwa hiyo siku ya mkutano wa kuhama, Gabrieli, mwenyekiti wa kijiji, alipata kazi ya ziada.

"Mwenyekiti," alisema Agnesi akitazama miguu yake mwenyewe, "mwambie Ndugu Katibu kwamba Joka nalo ni mkazi wa hapa. Kama wote tunahama, nalo lihame."

Katibu alikuwa amesimama hatua chache tu, na masikio yake yalikuwa mazima kabisa, lakini alingoja Gabrieli arudie neno kwa neno.

"Mwambie mama kwamba namheshimu sana. Ila zahanati haiezekwi kwa hadithi."

"Mama, zahanati haiezekwi kwa hadithi," alisema Gabrieli, ambaye kazi ile ilikuwa imeanza kumnogea.

"Mwulize, yeye amewahi kulipanda?"

"Anauliza, umewahi kulipanda?"

Katibu alikuwa hajalipanda. Tangu aje alikuwa na mikutano, na mbolea, na hesabu za kaya, tena mtu wa cheo chake kukaa kwenye toroli na kupiga mayowe mbele ya watu anaowahimiza kulima halikuwa jambo la kufikiriwa. Lakini kina mama walishaanza kuimba, "Apande! Apande!" na yeye alikuwa kiongozi aliyependa kuambiwa kwamba yu karibu na wananchi.

"Nitapanda Jumapili," alisema. "Mafundi wanakuja Jumatatu na misumeno. Nikiona ni kitu cha maana, nitasema. Nikiona ni chuma kilichofunikwa nyasi, nitasema pia, na hapo tusibishane tena."

Agnesi aliona hiyo ni haki, hata akamshukuru kimoyomoyo. Zahanati aliitaka yeye pia; nani asiyeitaka, na mtoto wa Lea yuko njiani? Alichotaka ni mtu yule akae gizani mara moja na aitwe. Aliamini kwamba mtu aliyeitwa hawezi kulikata Joka.

Wa kumwita alishampata. Mzee Saruni, mjomba wa Katibu, alikuwa na boma lake mbugani na alileta maziwa Kigunga siku za soko. Agnesi alimwendea Alhamisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Lea. Leo umekuja bila kibuyu cha maziwa?"

Akamweleza. Saruni alicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. "Ninyi mnamwita Simoni," alisema. "Sisi tulimwita jina letu akiwa hana jino hata moja. Mama yake ndiye aliyependa sana kulisema. Alipokufa, kijana yuko bwenini misheni, wakampa habari baada ya maziko. Tangu hapo sijui kama kuna mtu anamwita hivyo. Nitakuja Jumapili. Nitamwita mpaka ng'ombe waitike."

Kama mambo yangekwenda kwa ahadi, hadithi hii isingekuwapo. Lakini mwezi ule ule Katibu alikuwa ametoa amri, kwa shangwe ya wakulima wote, kwamba mfugaji ambaye mifugo yake itaingia shambani awekwe ndani katika ofisi ya kata kule Ulaya, si ya Wazungu bali kijiji cha huko huko Kilosa, mpaka kesi yake isikilizwe. Jumamosi mchana ng'ombe wa Saruni waliingia kwenye mahindi ya mtu. Mgambo hawakuuliza huyu ni mjomba wa nani. Walifurahi kupata mtu wa kwanza wa kutekelezewa amri.

Jumapili watu walijaa kilimani baada ya misa, Wakristo kwa Waislamu, wengi wakijua kwamba huenda ndiyo mara ya mwisho. Lea alikaa kwenye mkeka karibu na Mpasuo, miguu ameinyoosha, tumbo limemtangulia. Katibu alifika na suti yake ya mikono mifupi, akatoa kalamu mfukoni akampa mtu amshikie, akaingia kwenye toroli la mbele peke yake. Vijana wakalisukuma, na Joka likameza.

Vibuyu vilipoanza kulia, watu wote wakamsikia Katibu Kata, mtu wa takwimu na mbolea, akipiga kelele, "Mama yangu wee!" Kilima kizima kikaangua kicheko. Agnesi naye alicheka, amejifunika kanga mdomoni. Toroli likagonga gogo la kusimamia, likatulia.

Sasa ilikuwa zamu ya Saruni. Agnesi aligeuka kumtafuta, na badala yake akamwona mtu anashuka kwenye baiskeli huku anahema.

"Mzee Saruni haji. Amewekwa ndani Ulaya."

"Na nani?" aliuliza Gabrieli.

"Na mgambo. Ng'ombe wake wamekula mahindi. Wanasema ni amri ya Ndugu Katibu."

Nyuma ya magunia mtu alikohoa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, mtu mmoja akasema, na watu wakacheka tena, ila safari hii kicheko hakikwenda mbali. Ulaya haikuwa mlango wa pili. Hata kwa baiskeli, kwenda, kubembeleza mgambo na kurudi na mzee kungekula siku nzima.

Gabrieli alijaribu. "Ndugu Katibu, toka!"

"Hicho ni cheo!" walimzomea kina mama.

"Simoni! Toka, bwana!"

"La mapadri hilo!"

Gabrieli akajifuta jasho. Alipiga hesabu za kisiasa haraka haraka na hazikumfurahisha: yeye ndiye mwenyekiti, na kiongozi wake amekaa kwenye toroli nyuma ya gunia. Akasogea, akasema kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo kila mtu aliisikia, "Ndugu Katibu, hii ni michezo tu. Funua gunia utoke. Hakuna kufuli."

Kweli hakukuwa na kufuli. Kati ya Katibu na jua palikuwa na gunia kuukuu ambalo kuku angeweza kulipita. Watu wakangoja lifunuke.

"Sitoki," ilisema sauti ya ndani. "Nimesema nitalipanda kama wengine wanavyolipanda. Nirudisheni juu."

Wakamrudisha, wakamsukuma tena. Safari hii hakupiga kelele. Toroli likagonga gogo. Agnesi alikuwa amesimama karibu kabisa na magunia, pale alipozoea kusimama, na alisikia mtu anavuta pumzi. Kisha akamsikia akisema kitu polepole kwa lugha ya kwao. Hakuelewa neno hata moja, ila alikuwa mama na alijua sauti ya mtu anayejisemea ili asiogope.

"Mwenyekiti," ilisema sauti, kwa Kiswahili sasa. "Mwulize mama, watu wakikaa hapa huwa wanajisikia hivi?"

"Hivi vipi, Ndugu Katibu?"

"Kama hakuna anayewajua."

Gabrieli alimgeukia Agnesi ili arudie, akaona haina haja. Kazi ile haikumnogea tena.

"Mwambie ndivyo," alisema Agnesi.

Jina alikuwa nalo, na pale kilimani hakuna mwingine wa kuliita, maana mke naye halitamki la mumewe. Mshenga, marehemu sasa, alimtajia peke yake siku ya posa, mara moja, kama ada ilivyotaka, na yeye, ambaye alikuwa amekusanya majina ya watu maisha yake yote, hakulisahau. Lilikuwa limemkaa kooni tangu siku ile. Akitoka bila kuitwa, aliwaza, Joka litakuwa chuma kilichofunikwa nyasi kweli, na kesho misumeno itakuwa na haki. Akibaki mpaka achoke, atatoka na aibu, na mwenye aibu hukata zaidi ya mwenye hasira. Hata katika hadithi mkwe aliachwa. Vizazi na vizazi vimemwacha, na mto unanguruma, na watu wanalala. Hakuna ambaye angemlaumu kwa kumwacha.

Akamtazama Lea. Lea alikuwa amekwisha kumtazama yeye, na alikuwa amekwisha kuelewa. Alitikisa kichwa. Alipoona haitoshi, akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, usithubutu."

Agnesi aliogopa. Aliogopa kama hajawahi, na bado alijua anachotaka kufanya. Alitaka reli za baba yake. Alitaka pia, na hili hakutarajia, kumtoa yule kijana gizani.

"Ngoitiko!" aliita.

Kisha akarudia kwa upole:

"Ngoitiko, mwanangu, toka nje."

Gunia likafunuka, Katibu akatoka. Uso wake ulikuwa umelowa naye hakuufuta. Hakuna aliyepiga kigelegele. Wanawake walikuwa wameweka mikono vinywani. Alimwendea mama mkwe wake mpaka akawa mbele yake, akamtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Naam, mama."

Kisha akakumbuka kwamba yeye ni nani, au alikuwa nani asubuhi, akamgeukia Gabrieli. "Reli hazikatwi," alisema. "Mafundi wakija waambie wazifungue taratibu, wazihesabu, zihame zote. Lori nitalitafuta mimi."

Hapo watu wakapiga kelele za furaha, wengine wakarusha kofia. Agnesi hakusikia vizuri. Alikuwa anamtazama bintiye akiinuka kwa shida, ameshika kiuno, anakunja mkeka. Hakuna aliyemsaidia, kwa kuwa hakuna aliyejua kama inafaa.

"Yeye umemtoa," Lea alimwambia mama yake. "Mimi umenitia mle."

Akashuka kilima kwenda nyumbani kwa mama yake, maana kwa mumewe hakukuwa tena kwake, na mahali pengine pa kwenda hakuwa napo.

Wakubwa wa wilaya Katibu aliwashinda kwa urahisi. Aliwaeleza kwamba Joka ni ubeberu, tumbo ni unyonyaji, na yule mama mwenye kisu ni wananchi waliozinduka. Walipenda sana. Walitoa lori la pili, na mmoja wao akaomba apewe nafasi ya kumezwa siku ya ufunguzi. Zahanati ya kijiji kipya iliezekwa kwa boriti za miti, na mchwa walizianza kabla chokaa haijakauka ukutani. Kila masika mganga alihamisha vitanda kukwepa matone. Hilo nalo lisemwe.

Kilichokuwa kigumu ni kondoo. Kwa ada, kondoo wa kufunga ndoa upya hutolewa na mjomba wa mume, na mjomba wa mume alikuwa Saruni, aliyekaa rumande siku nne kwa amri ya mpwa wake. Saruni hakukataa. Alisema tu kwamba kondoo wake wamekonda, tungoje majani. Majani yakaota, akasema wamenenepa mno, tungoje wazae. Katibu alimwendea, akamwomba radhi, akafuta ile amri mbele ya wakulima walionuna. Mzee akasema amesikia, na kondoo hakuja. Wangeweza kupuuza yote hayo, kwa kuwa serikali haikuwa na sheria ya kondoo. Lakini Katibu alikuwa mtu wa Chama mpaka kizingitini. Kuanzia kizingitini kuingia ndani alikuwa mtoto wa mama yake.

Kwa hiyo Lea alijifungulia kwa Agnesi, katika nyumba mpya ya kando ya barabara, malori yakipita kwenda Iringa. Uchungu ulikuwa mrefu. Katibu alisimama nje ya ua, haruhusiwi kuingia, na Lea, ambaye hakuwa amesema na mama yake zaidi ya neno la lazima tangu kilimani, alimshika mkono akaubana mpaka ukafa ganzi, kisha mtoto alipolia akauachia kama mtu aliyeshika kitu cha moto. Agnesi alifungua mlango akasema nje, "Wa kiume, Ngoitiko." Hakukuwa na sababu tena ya kumtuma Gabrieli.

Mtoto alikuwa ameshajua kukaa wakati kondoo alipokuja. Pombe ilinyweka, nyimbo za pande mbili zikagongana, Lea akarudi kwa mumewe na inasemekana wakapendana kama kwanza. Mama yake alimletea unga, akaupokea. Alimletea mafuta ya mtoto, akayapokea. Shikamoo alimpa kila asubuhi walipokutana bombani, kwa kuwa alilelewa, na baada ya shikamoo hakuongeza kitu.

Joka nalo lilisimama kwenye kijilima nyuma ya shule, fupi kidogo kuliko zamani, na watu walishuka kwenye mabasi ya Iringa kuja kumezwa. Saba Saba moja, mtoto wa Lea akiwa ametimiza umri wa kukaa mwenyewe kwenye toroli, walimpakia katikati ya watoto wakubwa. Agnesi alisimama penye Mpasuo. Majina ya wale wakubwa aliyaita bila kufikiri, wakatoka wakikimbia mmoja mmoja, huku lile la mjukuu wake akiliweka la mwisho. Alikuwa amelingojea tangu alfajiri. Alijaza pumzi.

Lea akamtangulia. Aliita kutoka nyuma ya watu, kwa nguvu, jina la kuzaliwa la mwanawe, na mtoto akatoka kwenye magunia akitafuta sauti inakotoka. Lea akapasua watu, akamnyanyua, akampitia mama yake karibu hata kanga zao zikagusana. Hakumsalimia. Walioona waliona.

Ndani ya Joka toroli lingine lilikuwa linateremka, vibuyu vinalia. Agnesi alishusha pumzi aliyokuwa ameijaza, akawageukia watu.

"Nani ana mtu humu ndani?" akauliza. "Asogee."